Wimbo umesikilizwa mara milioni, pesa iko wapi?

Wasanii wengi wanaofika ofisini kwetu huja na swali hilo. Wimbo unapigwa saluni na kwenye daladala, video imetazamwa mara laki kadhaa, lakini mwenye wimbo hajaona hata shilingi, au ameona kiasi kisichofika nauli ya kwenda studio. Wengi huwa wameshajiamulia jibu kwamba wameibiwa. Wizi upo, siukatai. Ila mara nyingi tukifungua faili tunakuta pesa ilikuwepo, ikakosa wa kulipwa, kwa sababu wimbo uliingia sokoni bila majina ya wenyewe.

Enzi za kaseti na CD mambo yalikuwa mafupi. Msanii alipeleka masta, yaani rekodi ya kwanza ya kunakilia, kwa msambazaji Kariakoo, akalipwa kwa mkupuo, akaondoka. Nakala ngapi zilirudufiwa baadaye, alijua msambazaji peke yake. Mfumo ule uliwaumiza wengi, lakini kila mtu aliuelewa. Kisha ikaja MP3, ikaja memori kadi, na vibanda vya kuwekea watu nyimbo kwenye simu. Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Tandale na Manzese jijini Dar es Salaam, ilienea kwa njia hizo, kutoka simu hadi simu na kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, hadi mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoitoa kwa wasikilizaji wa Ulaya. Kisha yakaja majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni: Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, na Spotify ikafungua milango Tanzania na Kenya Februari 2021. Leo duniani kote biashara ya muziki uliorekodiwa imehamia huko: kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, mapato ya mwaka 2024 yalifika dola bilioni 29.6, na asilimia 69 yalitokana na watu kusikiliza mtandaoni.

Sasa tufuate pesa yenyewe. Kampuni hizi kwa kawaida hazina bei maalumu ya kila mara wimbo unaposikilizwa. Zinakusanya mapato ya nchi husika kwa mwezi, zinakata sehemu yao, kinachobaki kinagawanywa kulingana na uzito wa kila wimbo katika usikilizaji wote wa mwezi huo. Ndiyo maana msikilizaji wa Muscat au London anayelipia usajili huleta zaidi kuliko wa Mbeya anayesikiliza bure na matangazo. Msanii mwenye mashabiki Waswahili ughaibuni anapaswa kuwatafuta kwa makusudi, si kusubiri wamkute. Tena tangu mwaka 2024, Spotify hailipi wimbo wowote ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Mwenye nyimbo 30 zinazosikilizwa huko mara mia saba kila moja kwa mwaka anaweza kutoka mikono mitupu.

Jambo ninalotamani kila msanii alielewe ni kwamba ndani ya wimbo mmoja mna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani mashairi na melodia. Ya pili ni rekodi, ile sauti iliyopikwa studio. Wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti, na pesa zao hupita njia tofauti. Ukipandisha wimbo kupitia wakala wa usambazaji mtandaoni, unacholetewa kwa kawaida ni pesa ya rekodi. Ya utunzi hupitia taasisi zinazokusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi za sanaa, ambazo zinamlipa mtu anayejulikana kwenye vitabu vyao. Hujajisajili huko? Basi nusu ya mali yako haina anwani.

Chukua mfano wa aina tunayokutana nayo mara kwa mara. Dada anaimba, kijana mmoja amemwandikia kiitikio, prodyuza ametengeneza biti, mpiga gitaa amekuja jioni akaweka sehemu yake akapewa nauli. Wimbo unaisha saa nane usiku, kila mtu ana furaha, wanapiga picha. Kesho yake rafiki wa meneja anaupandisha kwa akaunti yake, kwa barua pepe yake. Sehemu ya mtunzi anaandika jina la studio. Jina la mwimbaji analiandika kwa K, wakati wimbo uliotangulia uliandikwa kwa C, na mfumo unaona waimbaji wawili. Biti ilinunuliwa mtandaoni kwa leseni ya bei nafuu inayoruhusu watu wengi kuitumia biti hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye mtu wa nchi nyingine anasajili wimbo wake wenye biti ileile kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti na ambao upo tangu 2007. Mashine inasikia zinafanana, inafungua dai, na mapato ya matangazo yanaweza kuelekezwa kwake. Hakuna aliyekusudia ubaya katika hadithi hii, na bado dada yule anaweza kukaa mwaka mzima bila kulipwa.

Dawa yake ni karatasi moja tu. Iandikwe studio kabla ya mtu yeyote kuondoka: jina la wimbo, majina halisi ya wote walioshiriki kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao pamoja na majina yao ya kisanii, nani ametunga nini, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi, biti imetoka wapi na kwa leseni gani, tarehe, saini. Asilimia za kila upande zifike 100 kamili. Najua watu huona aibu kuzungumza pesa wimbo ukiwa bado mchanga, hasa kati ya ndugu na marafiki. Mazungumzo hayo ni rahisi sana siku wimbo hauna thamani, na ni machungu sana siku una thamani.

Kisha kuna namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, inayotambulisha rekodi moja popote duniani. Wakala wengi wa usambazaji huitoa unapopandisha wimbo. Ihifadhi. Ukihama wakala, hamia na namba ileile, ili idadi ya waliousikiliza isianze upya. Remiksi ipewe namba yake yenyewe.

Kisheria, hakimiliki inazaliwa kazi inapotungwa, na hapa Tanzania haki za kiuchumi za mtunzi hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili hauizalishi haki hiyo, lakini unakupa ushahidi siku ya ugomvi. COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania ambayo mwaka 2022 ilibadilishwa kutoka chama kuwa ofisi, ndiyo mahali pa kuanzia. Kwa Kenya, wasanii wenyewe, na watoto wa wasanii waliofariki, waulize pia kuhusu miito ya simu, zile nyimbo anazosikia mpigaji kabla simu haijapokelewa: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya muito wa kumsikilizisha mpigaji. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na ulipiganiwa kwa miaka.

Upande wa jukwaani mabadiliko yameingia kwa mlango mwingine. Kiingilio kilikuwa pesa taslimu getini, na promota hakujua kwa uhakika wameingia wangapi. Tiketi za karatasi zilirudufiwa, na mlinzi alikuwa na jamaa zake. Sasa tiketi inalipiwa kwa simu na kusomwa kwa msimbo wa QR. Mashabiki wa mpira Dar es Salaam walishazoea kupita na N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, hivyo kwenye muziki haikuwa kazi kuwaelekeza. Msanii anayelipwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni anaweza leo kudai kuiona ripoti ya mauzo, na aidai. Liandikwe kwenye mkataba.

Wewe unayenunua tiketi, usiweke picha yake mtandaoni kabla ya shoo. Msimbo husomwa mara moja tu, na atakayetangulia getini na picha yako ndiye atakayeingia. Promota naye aandae mashine zinazoweza kusoma tiketi hata intaneti ikikatika, maana watu elfu kumi wakikusanyika sehemu moja mtandao wa simu huelemewa, na foleni iliyosimama usiku ni hatari kwa maisha ya watu. Aulize pia kampuni ya tiketi itamkabidhi pesa lini. Nyingine hushikilia mauzo hadi shoo iishe, wakati wasanii na wenye spika wanataka advansi zao mapema.

Tiketi ya simu inaacha jina na namba ya mnunuzi. Hizo ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Promota anayeuza orodha hiyo kwa wafanyabiashara bila idhini ya wahusika anajitafutia kesi.

Kuhusu sauti yenyewe, nina msimamo. Meza ya sauti ya kidijitali ni neema: mchana wa kujaribu vyombo, fundi mitambo anahifadhi mpangilio wa kila bendi, usiku anauita kwa kubonyeza kitufe, na bendi inayofuata inaanza bila nusu saa ya "moja mbili, moja mbili". Lakini teknolojia hiyohiyo imerahisisha msanii kupanda jukwaani akafungulia wimbo uliorekodiwa na kuchezesha midomo. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lililoanza mwaka 2004, limejenga sifa yake kwa kushikilia muziki unaopigwa papo hapo, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuusikia. Anayelipa kiingilio anastahili kusikia pumzi ya mwimbaji.

Kama nyimbo zako zimeshatoka bila karatasi yoyote, bado hujachelewa. Kaa chini uandike orodha yake yote. Watafute mlioshirikiana nao, msaini mgao sasa. Mwombe aliyepandisha akupe namba za ISRC na ripoti za mapato tangu siku ya kwanza, halafu umwandikie wakala arekebishe majina. Kwa kawaida hutozwi pesa kwa kuomba marekebisho, na baadhi hukamilika ndani ya siku chache. Anza na wimbo unaosikilizwa zaidi.