Saa elfu moja za msituni: Louis Sarno na sisi tunaorekodi ngoma Dodoma

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu kurekodi ngoma hapa Dodoma huwa nawasikilizisha kwanza Wabayaka, wawindaji wa msitu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kupitia rekodi za Mmarekani aitwaye Louis Sarno. Huuliza kwa nini twende mbali kote huko ilhali Chamwino, Mpwapwa na Kondoa kumejaa ngoma. Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Sarno alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1954. Miaka ya themanini alikuwa akiishi Amsterdam, na huko ndiko aliposikia redioni uimbaji wa watu wa msituni, ukamkaa moyoni. Mwaka 1985 akafunga safari kuwafuata wenyewe. Hakuwa profesa. Alifika pande za Bayanga, kona ya kusini-magharibi ya nchi ile, karibu na mipaka ya Kameruni na Kongo Brazzaville. Wengine wangerekodi, wakaaga, wakaondoka. Yeye alibaki. Akajifunza lugha, akaoa, akalea mtoto, akaishi na Wabayaka katika kijiji cha Yandoumbé kwa takriban miongo mitatu. Alifariki mwaka 2017, akiacha rekodi za zaidi ya saa 1,000, ambazo zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford.

Wingi wa saa hizo si hoja kwangu. Hoja ni kilichomo ndani yake. Mgeni wa wiki mbili hupewa nyimbo alizoomba: watu wanapangwa, wanaimba, wanapiga makofi, basi. Kwa Sarno unawasikia wanawake wakiitana kwa sauti ndani ya msitu, wasichana wakipiga maji ya mto kwa viganja mpaka mto unalia kama ngoma, filimbi ya mtu anayepiga usiku wenzake wakiwa wamelala, na ngoma za mizimu ya msitu zinazokwenda saa nyingi. Unasikia na watoto, wadudu, mvua. Hakuna aliyewaambia nyamazeni, mgeni anarekodi, kwa sababu mgeni mwenyewe hakuwa mgeni tena.

Na uimbaji wenyewe unahitaji muda huo. Mama mmoja anatupa kipande kifupi cha sauti. Wa pili anamwingilia kwa kipande kingine kisichofanana na cha kwanza. Wa tatu anapanda juu, sauti ikiruka kutoka kifuani kwenda kwenye sauti nyembamba ya kichwani na kushuka tena, haraka haraka. Hakuna kiongozi wa kwaya anayepunga mkono. Maneno ni machache mno. Kila mwimbaji anarudia kipande chake, na kila anaporudia ana ruhusa ya kukigeuza kidogo, mradi kikae vizuri na vya wenzake. Baada ya muda mfupi huwezi tena kusema nani alianza. Uimbaji wa aina hii wa Waaka, ambao ni jamii moja na hao, UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003.

Mtaalamu wa muziki Simha Arom, aliyefanya kazi katika nchi hiyohiyo, alijiuliza utafumuaje sauti zilizosukwa namna hiyo. Akapata njia: anamrekodi mwimbaji mmoja peke yake, kisha anamvalisha wa pili spika za masikioni ili amsikie yule wa kwanza huku naye akiimba sehemu yake, halafu wa tatu, mpaka wimbo unakamilika na kila sauti iko kwenye mkanda wake. Njia hiyo ninaitumia na ninaiheshimu sana. Bila Arom tusingejua kila mmoja anafanya nini hasa. Lakini ukiwa na rekodi zake peke yake hujui wimbo unaanzaje watu wakiwa wamechoka, unaishaje, nani anaingia amechelewa, na nani anakatazwa kuingia. Hayo yako kwa Sarno.

Sasa turudi kwetu. Muziki wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, nao ni wa sauti nyingi, na sauti hizo zinafuata uwiano ule wa asili unaoupata kwenye uzi wa zeze. Mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi, zikiwemo nyimbo za Wagogo, na kazi yake iko kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini. Ni hazina kubwa. Ila santuri za wakati ule zilibeba dakika chache tu, kwa hiyo tulichonacho ni vipande. Na leo, tukiwa na kadi inayobeba siku nzima, bado tunakata vipande vilevile! Kikundi kinaletwa Uwanja wa Jamhuri siku ya sherehe, kinapewa dakika tano, maikrofoni iko kwa mshereheshaji, na hiyo ndiyo tunaiita rekodi ya muheme, ngoma ya kinamama wa Kigogo.

Muheme nenda kaifuate inakochezwa. Kinamama wanashika ngoma katikati ya mapaja, na mlio wake ukiukaribia sana unafunika waimbaji wote. Mimi kinasa sauti nakiweka upande wa waimbaji, usawa wa sikio la mtu aliyesimama, ngoma zikiwa mbali kidogo na mbele yake. Upepo wa Dodoma haukuachi, kwa hiyo maikrofoni lazima ivalishwe manyoya. Kiwango cha sauti nakipima kwa pigo kubwa kuliko yote, kisivuke desibeli hasi 12, yaani ibaki nafasi kabla sauti haijapasuka, kwa sababu mama akikolea anapiga kwa nguvu ambayo wakati wa majaribio hakuionyesha. Kabla ya yote nasema jina la kijiji, tarehe, na kwamba wenyewe wameridhia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: wimbo ukiisha, usizime. Katikati ya nyimbo ndipo ngoma inapopelekwa motoni ngozi ikaze. Ndipo bibi anapomwambia binti, "Hapo umewahi, ngoja mwenzio amalize," kisha anampigia polepole pale alipokosea. Mafunzo yote ya muheme yako kwenye dakika hizo, na ndizo ambazo warekodi wengi wanazitupa.

Inaniuma kwamba mtoto wa Yandoumbé anayetaka kumsikia bibi yake akiimba, sauti hiyo imehifadhiwa Uingereza. Kwetu tuna nafasi ya kufanya vinginevyo. Nakala inabaki kijijini siku ileile, kwenye simu za wenyewe, kabla sijaondoka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, lakini sheria haimsaidii mama asiye na nakala ya sauti yake. Ndiyo sababu nawapenda wenzetu wa Tamasha la Muziki wa Cigogo pale Chamwino: ngoma inachezwa Ugogoni, mbele ya watu wanaoweza kusema imekosewa.

Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ya zamani ya ngoma, usiichomeke kwenye redio iliyokaa miaka bila kutumika. Kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe, kisafishwe kwanza kwa spiriti na pamba. Kaseti yenyewe izungushwe kwa mkono kidogo uone kama utepe umeganda. Kisha kaa na mzee aliyekuwepo, mwulize nani anaimba, nani anapiga, kijiji gani, ilikuwa shughuli gani, na uyaandike majibu siku hiyohiyo. Mwaka unaweza kukisiwa baadaye. Jina la mpigaji haliwezi.