Kumuuliza kijana kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, utasikia watu wazima wakionyana: kijana akiwa na huzuni usimtajie kifo, utamtia wazo. Nia ni njema, ila si kweli. Shirika la Afya Duniani linaihesabu imani hii kuwa potofu: kuuliza waziwazi hakumchochei mtu kujiua, na humpa nafasi ya kusema yaliyomo moyoni.

Kinachotushinda ni namna ya kuuliza. Kumkalisha sebuleni mbele ya baba, mjomba na shangazi ni kumpeleka mahakamani. Atasema "niko sawa" na kuinamia simu. Wengi hufunguka mikono ikiwa na kazi: mnakuna nazi, au mnaziba pancha ya baiskeli (na Tanga baiskeli haziishi), macho hayakutani. Sema ulichokiona: "Mwanangu, tangu matokeo yatoke huli vizuri, mpirani huendi. Umewahi kuwaza kujiua?" Kisha nyamaza. Kimya chake kinaweza kuwa kirefu; usikijaze na "mbona sisi zamani tulivumilia". Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu.

Akijibu ndiyo, usimkemee, wala usimwahidi kuficha siri. Muulize kama amepanga atafanyaje, ondoa dawa na sumu za shamba nyumbani, usimwache peke yake, mfikisheni hospitali. Kwa mkoa huu ya rufaa ni Bombo. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure.