Mbwa wa mbuzi huzaliwa zizini

"Bwana mifugo, ninunue mbwa wa aina gani alinde mbuzi wangu?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na mara nyingi anayeuliza ameshaona kwenye simu picha ya Kangal wa Uturuki, mbwa wa kilo 50 na ushei, naye yuko tayari kuuza ng'ombe ili ampate. Mimi huanza kwa kumuuliza jambo jingine: huyo mbwa atazaliwa wapi, na kati ya wiki ya 3 na ya 12 atakuwa analala na nani?

Ni katika wiki hizo mtoto wa mbwa anapojua jamaa zake ni akina nani. Macho hufunguka akiwa na takriban wiki mbili, masikio yanafuata, na tangu hapo kila anachokinusa na kulala nacho bila hofu kinakuwa cha kwao. Akikulia jikoni na watoto, atawapenda watoto na ataulinda mlango wa jikoni. Akikulia zizini, mbuzi ndio jamaa zake. Hili si jipya. Mwanasayansi Charles Darwin alipopita Uruguay mwaka 1833 alikuta wenyeji wakimtenga mtoto wa mbwa na mama yake angali mchanga, wakimshikia kondoo jike amnyonye mara tatu au nne kwa siku, na kumtandikia sufu ndani ya zizi. Kumtenga na mama mapema hivyo sikubaliani nako, kwa sababu ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kuzuia meno yake. Lakini ile sufu zizini, hapo walipatia.

Mimba ya mbwa huchukua kama siku 63. Wiki ya mwisho ninamhamishia jike kwenye banda linalopakana na zizi, lenye ukuta mmoja wa fito zilizoachana kidogo ili harufu na milio ya mbuzi ipenye. Watoto wakianza kutembea vizuri, karibu wiki ya 4 au ya 5, ninawaingizia mbuzi jike mzee, mtulivu, asiyenyonyesha. Huyo ndiye mwalimu. Kijibwa kikimrukia usoni anakisukuma kwa paji la uso, kinabiringika, kisha kinarudi polepole, kichwa chini, masikio yamelala, macho kimeyaelekeza pembeni, na kinamlamba mdomo. Nikiona hivyo ninajua kimeelewa. Kinachorudi kimemkazia macho huku kikinyemelea ninakiwekea alama, na kama hakibadiliki hakiendi kwa mfugaji.

Malezi peke yake hayatoshi, kwa sababu damu nayo ina sauti. Raymond na Lorna Coppinger, waliowachunguza mbwa hawa kwa miaka mingi katika chuo cha Hampshire huko Marekani, walidai mambo matatu kwa mbwa wa mifugo: aambatane nayo, asiidhuru, na aitetee. Mbwa wa kuwinda hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, kisha hung'ata. Katika mbwa wa mbuzi tabia hizo lazima ziwe zimelala. Basi simpandishi jike kabla ya kutimiza miaka miwili, na kabla ya hapo ninamtazama siku mbuzi wanapozaa. Jike mzuri hujilaza hatua kadhaa kutoka kwa mzazi na kusubiri. Mbuzi akishamlamba mtoto na kusogea, ndipo mbwa anapokwenda kula kondo la nyuma, na mtoto hamgusi. Dume ninamtazama malishoni: mbuzi wakitimka kwa hofu, yeye aelekee walikotoka, kwenye kilichowatisha. Anayewafuata mbuzi wanaokimbia simtumii kama mbegu hata awe na umbo la kuvutia kiasi gani.

Kuhusu aina, tutazame kusini. Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa wa Anatolia, wakubwa wa Uturuki kama Kangal, tangu mwaka 1994, na wamesaidia sana kupunguza mgogoro wa wafugaji na duma. Botswana nako mbwa wa kienyeji, wale wa kawaida wa vijijini, wanalelewa na mbuzi na wanafanya kazi hiyo hiyo. Kwa mfugaji mwenye mbuzi 30 mimi nasimama na Botswana. Mbwa wetu wa kienyeji anavumilia jua, hali chakula kingi, na hana mwili mzito unaosumbua nyonga.

Kipindi kinachowashinda wengi ni kati ya miezi 6 na 14. Mbwa ana mwili wa mtu mzima na akili ya kitoto: anakimbiza wanambuzi, anawatafuna masikio. Wengi humpiga au kumuua hapo hapo, na inaniuma, maana wameshapita sehemu kubwa ya safari. Mrudishe kwa mbuzi wakubwa wenye pembe, mtenge na wanambuzi, na mfungie shingoni kijiti kinachoning'inia mbele ya miguu. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga magoti. Wengi hutulia kufikia miaka miwili.

Afya yake ni afya ya zizi zima. Mbuzi akichinjwa, mbwa asipewe kichwa kibichi. Kuna mnyoo bapa, Taenia multiceps, unaoishi kwenye utumbo wa mbwa; mayai hutoka na kinyesi, mbuzi huyala na majani, na buu hujenga mfuko wa maji kwenye ubongo. Mbuzi huyo huanza kuzunguka upande mmoja, kichwa kimepinda, mpaka afe. Mapafu na maini yenye malengelenge ya maji ni hatari zaidi, kwa kuwa mnyoo wake humwingia hata binadamu. Chemsha kila kitu, uchanganye na ugali wa dona, na umpe mbwa dawa ya minyoo yenye praziquantel kila baada ya wiki 6. Chanjo ya kichaa apate akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, usiiruke ukiishi jirani na hifadhi: mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa zaidi kuwa chanzo.

Sitoi mtoto wa mbwa kabla ya wiki 8, na anayetaka wa kukaa getini ninamwelekeza kwingine. Mwenye zizi kwenye njia ya fisi ninamwambia achukue wawili wa umri tofauti. Mmoja akibweka na kwenda kukabili kinachokuja, mwingine hubaki katikati ya mbuzi, na fisi akizungukia nyuma anakuta kuna mtu.