Sigatoka nyeusi ni nini?

Nyuma ya nyumba nyingi za Kisauni utakuta mgomba umepandwa pale yanapotokea maji ya bafuni. Majani yake yakianza kukauka, watu husema ni jua, au ni upepo wa chumvi. Lakini hebu ligeuze jani moja uangalie chini yake. Ukiona vimistari vifupi vya rangi ya kutu, vimelala sambamba na mishipa, jua umelisingizia. Hiyo ni sigatoka nyeusi.

Jina limetokana na Sigatoka, bonde huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Ugonjwa wenyewe unaletwa na kuvu, na nyeusi ina ndugu yake wa manjano aliyetangulia kujulikana, ila si mkali hivyo. Nyeusi ilitambuliwa Fiji mwaka 1963. Upande wetu wa pwani ilionekana kwanza Pemba mwaka 1987, ikaenea Unguja na pwani ya Kenya na Tanzania.

Mbegu za kuvu hii hazionekani kwa macho. Hupeperuka kutoka majani yaliyougua, zikatua juu ya jani changa linalofunguka. Jani likikaa na majimaji, zinaota na kupenya kwenye vitundu linavyopumulia. Ndiyo maana wakati wa masika huwa balaa. Vimistari hunenepa, huwa madoa meusi, halafu katikati panakuwa kijivu na pembeni pana duara la manjano. Madoa yakiungana, jani limekwisha.

Kuvu haiingii ndani ya ndizi, wala mgomba haufi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mgomba ulioishiwa majani unakosa cha kuulisha mkungu: vidole vinatoka vyembamba, na ndizi huiva kabla ya wakati wake. Mchuuzi anapakia mkungu mbichi, akifika Marikiti tayari una manjano. Ndizi za mkono wa tembo nazo hazisalimiki.

Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati hupuliza dawa mara kadhaa kwa mwezi. Kwa mgomba wa bafuni, mimi naona ni kutupa pesa. Kata sehemu iliyokufa, acha iliyo kijani. Kwenye shina bakisha mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine ng'oa ili upepo upite na majani yakauke upesi.

Usiichanganye na ugonjwa wa Panama, ambao huingilia mizizini. Huo majani huning'inia kama sketi, na ukikata gogo ndani utaona michirizi ya hudhurungi. Gogo la mgomba wenye sigatoka ni jeupe.