Mihuri saba: maana yake katika hadithi za mauaji na unabii

Katika filamu na riwaya ambamo watu wanauawa mmoja baada ya mwingine na mpelelezi anakuta aya ya Biblia kando ya maiti, mara nyingi utasikia habari za mihuri saba. Asili yake ni kitabu cha Ufunuo, sura ya 5 hadi ya 8. Yohana, akiwa kisiwani Patmo, anaona kitabu kilichofungwa kwa mihuri saba. Kila muhuri ukivunjwa, jambo linatokea duniani. Minne ya kwanza inatoa farasi: mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu. Wa sita unaleta tetemeko, jua jeusi na mwezi kama damu. Wa saba unaleta kimya mbinguni kwa muda wa kama nusu saa.

Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa sana huo wa sita. Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu, ilipolipuka, anga lilikuwa jekundu, na ardhi ikaendelea kutetemeka siku kadhaa.

Mwandishi wa hadithi za kutisha anapenda mihuri kwa sababu inampa mpangilio na hesabu. Tuseme hadithi inafanyika Birere, mtaa wa hapa Goma. Muuza unga anakutwa amekufa dukani kwake, mizani imewekwa kifuani, na kopo lake la kupimia limejazwa hadi juu. Anayeijua Biblia anatambua mara moja farasi mweusi: mpanda farasi ameshika mizani, na kibaba cha ngano kinauzwa kwa mshahara wa kutwa. Anajua pia kwamba imebaki minne. Hapo hofu inaanza, maana mpelelezi hana hakika kama anamfuata mtu mwenye kisu au anafuata jambo lililokwisha kuandikwa. Kama limeandikwa, kumfunga huyo mtu hakutazuia kitu.

Muhuri wa tano ndio mzito kuliko yote, na waandishi wengi wanauruka kwa sababu hauna farasi wala tetemeko. Chini ya madhabahu zipo roho za waliouawa, na zinalia: “Hata lini?” Zinadai haki ya damu yao. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zingoje kidogo, mpaka itimie hesabu ya ndugu zao watakaouawa vilevile. Muuaji wa hadithi anaishika hiyo hesabu kama agizo, anaona ni kazi yake kuikamilisha. Lakini aya hiyo haimtumi mtu yeyote kuua. Inasema na wafu, inawatuliza. Kwa maoni yangu, hadithi ya aina hii inakuwa na uzito pale tu waliouawa wanapopewa sauti: mama wa muuza unga anapouliza swali lilelile la chini ya madhabahu, na mpelelezi anakosa la kumjibu.

Tena muuaji huyo anakuwa ameiruka sura ya 5. Pale inatafutwa nani anastahili kuvunja mihuri, mbinguni na duniani, na haonekani mtu, hata Yohana analia sana. Anayestahili mwishowe ni Mwana-Kondoo, yaani Kristo, naye anaonekana amesimama kama amechinjwa. Anayefungua mihuri ni yule aliyeuawa.