Damu ya vidonge vya majira: ni hedhi au siyo?

Jirani yangu hapa Mbagala alinigongea mlango jioni moja, ameshika pakiti mbili za vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba, ya zamani na mpya. "Shoga, wamenibadilishia dawa, na mwezi huu sijaona damu kabisa. Imeganda wapi?"

Swali la damu "kuganda" au "kujaa tumboni" nimelisikia saluni na kwenye foleni ya kliniki, na linanisikitisha kwa sababu wanawake wengi huacha vidonge kwa hofu hiyo tu, kisha wanashika mimba ambayo hawakuipanga. Tuanze na damu yenyewe.

Kwa asiyetumia dawa, kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba unanenepa ukisubiri mimba. Yai likipevuka na mimba isitunge, homoni zinashuka, ukuta unabanduka, na hiyo ndiyo hedhi. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, hulizuia yai lisipevuke na kuufanya ukuta huo ubaki mwembamba. Pakiti yake ya kawaida ina vidonge 28: 21 vya dawa, na 7 visivyo na homoni, ambavyo hapa kwetu mara nyingi ni vya kahawia na vina madini ya chuma. Ukifika kwenye vile vya kahawia, homoni inakatika ghafla na siku ya pili au ya tatu unaona damu. Inafanana na hedhi, lakini imeletwa na kukatika kwa dawa, wala haitokani na yai. Ndiyo maana huwa kidogo na ya siku chache.

Sasa, ukuta ukiwa mwembamba sana, hakuna cha kubanduka. Damu isipotoka haijajificha popote. Haikutengenezwa.

Kwa jirani yangu, jibu lilikuwa kwenye ile pakiti mpya. Kliniki walimkuta presha iko juu, na estrojeni haimfai mwenye presha, kama isivyomfaa mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, au mama anayenyonyesha mtoto mchanga. Wakampa vidonge vya homoni moja, projestini peke yake. Pakiti hiyo haina vya kahawia: vyote vina dawa, unamaliza moja na kuanza nyingine kesho yake. Kwa hiyo ile wiki ya damu aliyoizoea haipo tena. Mwingine huona matone katikati ya mwezi, mwingine damu isiyo na mpangilio, mwingine haoni kitu. Miezi mitatu ya kwanza mwili unazoea, na matone ya kipindi hicho hayamaanishi kwamba dawa imeshindwa kazi. Ukiacha kumeza kwa sababu ya matone, ndipo unapojiweka wazi kupata mimba.

Namna ya kubadilisha ina uzito wake. Kutoka aina moja kwenda nyingine, anza pakiti mpya siku inayofuata baada ya kidonge cha mwisho chenye dawa. Usisubiri umalize vya kahawia, usisubiri uone damu. Ukipitisha siku katikati, tumia kondomu: siku 7 kwa vidonge vya homoni mbili, siku 2 kwa vya homoni moja. Tena ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, mwambie mhudumu kabla hajakupa chochote, maana hupunguza nguvu ya vidonge.

Na saa. Neno majira lenyewe linakumbusha wakati. Vidonge vya homoni mbili vinavumilia kiasi: ukisahau kimoja, kimeze mara tu ukumbukapo, vikiwa viwili au zaidi, meza cha karibuni, endelea na pakiti, na ongeza kondomu siku 7. Vya homoni moja kwa kawaida havivumilii hata kuchelewa kwa muda wa saa 3.

Ukikosa damu mara moja na ulimeza sawasawa, endelea. Ukikosa mara mbili mfululizo kwenye vidonge vya homoni mbili, au uliruka siku kadhaa, nunua kipimo cha mkojo duka la dawa upime. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo, navyo huvuruga siku: damu yaweza kuja mapema au kuchelewa, na ikichelewa zaidi ya wiki, pima.

Lakini maumivu makali ya kifua, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, au kichwa kuuma vibaya pamoja na macho kuona ukungu ni mambo ya kukimbiliwa hospitali siku hiyohiyo. Kwa mengine yote nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, ushauri wa uzazi wa mpango hutolewa bure. Beba pakiti zote mbili, mhudumu azione.

Jirani yangu alizilaza pakiti mezani, akahesabu rangi kwa kidole. Sasa anameza taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, na binti yake ndiye humkumbusha.