Kidonge kikitoka kizima chooni, dawa imeshaingia mwilini

Miezi ya karibuni dirisha letu la dawa limepokea lalamiko la aina moja mara nyingi kuliko kawaida. Mgonjwa wa kisukari anarudi, uso umekunjamana, anasema metformini aliyopewa ni feki kwa sababu kidonge kimetoka chooni vilevile kilivyoingia. Mzee mmoja alikuja nacho kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, ameshakiosha kabisa. Nilimshukuru, nikavaa glavu, nikakibonyeza mbele yake. Kikabonyea kama bamia iliyochemka, ndani hamna kitu. Akaniuliza: “Sasa dawa iko wapi?” Nikamjibu kwamba dawa anayo mwilini tangu jana, alicholeta ni ganda.

Aliyewahi kunywa faluda Mombasa au Unguja anazijua tukmaria. Ni mbegu nyeusi, kavu, ngumu. Ukizitia majini, baada ya dakika chache kila moja imevaa koti la ute. Vidonge vingi vya kutoa dawa polepole vinafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Unga wa dawa unachanganywa na haipromelosi, ambayo hutengenezwa kutokana na selulosi ya miti au pamba, kisha unashindiliwa kuwa kidonge. Kikifika tumboni, sehemu ya nje inalowa kwanza na kugeuka ute mzito. Maji yanapenya ute huo taratibu, dawa inayeyuka na kutoka taratibu, na ute wenyewe unaendelea kulika kutoka nje. Hivyo dozi ya siku nzima inagawanywa saa baada ya saa badala ya kumwagika yote kwa mkupuo. Ute usiposagika wote njiani, unatoka kama donge laini lenye umbo la kidonge. Baadhi ya vidonge vya nifedipini, dawa ya presha, vina mpango mwingine kabisa: ganda lake haliyeyuki, lina tundu dogo lililotobolewa kwa leza, na dawa inasukumwa nje kupitia hapo. Ganda hilo hutoka lote, na lazima litoke.

Kuna wanaodai kwamba lile donge la ute ni plastiki. Haipromelosi si plastiki ya ndoo na mifuko; asili yake ni mmea. Hata mwani unaolimwa pwani ya mashariki ya Unguja, kazi iliyoanza kibiashara mwaka 1989 na inayofanywa zaidi na wanawake, unatoa karajinani, jeli inayotumika kwenye vyakula, dawa za meno na hata maganda ya kapsuli. Mwani wa kahawia wa nchi za baridi unatoa aljineti, ile inayoelea juu ya tindikali ya tumbo kwenye dawa za kiungulia. Lakini tusielewane vibaya. Juzi niliulizwa kama mtu akimeza kidonge cha kawaida pamoja na mlenda, kitageuka kuwa cha saa 24. Hakigeuki. Kiwandani kiasi cha ute kinapimwa kwa mizani, na mwendo wa dawa kutoka unapimwa maabara saa kwa saa. Sufuria ya mlenda haina kipimo hicho. Naomba swali hili lisirudi dirishani.

Linalonisumbua zaidi si lalamiko la chooni, kwa sababu hilo halimdhuru mtu ila likimfanya aache dawa. Ni kinu. Kidonge cha aina hii kikisagwa, kikitafunwa au kikikorogwa kwenye uji, ute haupati nafasi ya kujijenga, na dozi ya saa 12 au 24 inaingia kwa pamoja. Hatari haifanani kwa dawa zote. Metformini itakuachia tumbo la kuendesha na kichefuchefu. Nifedipini itashusha presha ghafla. Mofini ya kutolewa polepole, dawa ya maumivu makali, inaweza kumzimisha mtu pumzi. Hata kinywaji kinaweza kuvunja mpango huu: mwaka 2005 dawa moja ya maumivu makali, haidromofoni ya kumezwa mara moja kwa siku, iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu pombe iliifanya itoke yote kwa mara moja.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye wodi moja ambayo sitaitaja, mwanafunzi wa uuguzi alipewa nifedipini ya kumpa mama aliyepooza na aliyekuwa analishwa kwa mrija wa puani. Kidonge hakipiti kwenye mrija. Binti akafanya kama alivyoona wenzake wakifanya: akakitwanga, akakoroga na maji, akavuta kwa bomba la sindano, akasukuma. Baada ya saa moja presha ya mama ilikuwa chini kiasi kwamba tulikimbilia dripu. Alipona, shukrani. Nilipozungumza na yule binti alinikariria haki tano za utoaji dawa bila kukosea: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Zote alizitimiza. Lebo aliisoma, ila herufi zilizofuata jina la dawa, kama XR, zinazoonyesha kuwa dawa inatoka polepole, hakuna aliyewahi kumweleza maana yake kwa lugha anayofikiria.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na vyuo vyetu, nami nikiwamo kwa kuwa nafundisha siku moja kwa wiki. Somo la stadi za mawasiliano lipo, linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wanalifaulu. Kisha wanaingia wodini ambako hakuna anayeongea Kiingereza. Kwenye zoezi darasani nilimwomba mwanafunzi amweleze mwenzake aliyejifanya mgonjwa. Akasema: “Mama, hii ni XR, usiikrashi, sawa?” Mwenzake akaitikia: “Sawa, nesi.” Nikamwambia amuulize atakavyoimeza nyumbani. Jibu likawa: “Nitaiponda kidogo niweke kwenye uji, maana ni kubwa.” Darasa lilicheka, lakini wodini ndivyo ilivyo. “Sawa” ya mgonjwa ni heshima kwa nesi, haimaanishi ameelewa. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu lazima amwombe mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na asipofanya hivyo hapati alama ya vitendo, hata kama mengine yote kayapatia.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Tunasema “kunywa dawa”, basi mtu anaona hana kosa akiikoroga na kuinywa. Tunaandika “1 x 2 kutwa”, na kutwa kwa Mswahili ni mchana, jua kuchomoza hadi jua kuzama. Wagonjwa wanaosikiliza vizuri wanameza kimoja saa 2 asubuhi na kingine saa 10 jioni, usiku mzima dawa inapungua bila kuongezwa. Hao hawajakosea, tumekosea sisi. Tena kuna chati zenye saa za Kizungu: muuguzi anaandika 8, ndugu anayemwangalia mgonjwa anasoma saa nane, dozi ya asubuhi inaliwa mchana.

Sasa utaratibu. Ukihisi dawa yako ina kasoro, leta vidonge vilivyobaki vikiwa kwenye pakiti yake. Tunahitaji jina, nguvu, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na risiti kama unayo. Ganda la chooni halihitajiki, halipimwi, liache huko. Mfamasia atasikiliza, atakagua pakiti na kuandika kwenye daftari la malalamiko. Ikiwa ni dalili za madhara, atajaza fomu ya njano. Ikiwa ni shaka ya dawa bandia, pakiti inahifadhiwa na taarifa inapelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuchukua sampuli. Usimgawie jirani dawa unayoitilia shaka, na usiitupe kabla hatujaiona.

Wenye maduka wanaokata pakiti kwa mkasi wauze vidonge viwili viwili wanakata pia namba ya toleo na herufi zile: XR, SR, ER, MR, CR, LA, XL, au neno Retard. Maduka ya dawa muhimu yana orodha yake ya dawa yanazoruhusiwa kuuza. Kuuza nje ya orodha hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Famasi, Sura ya 311, na Baraza la Famasi linaweza kufuta kibali. Muuguzi anayebadilisha umbo la dawa bila kumuuliza mfamasia au daktari ataandika maelezo kwa muuguzi kiongozi, na jambo likiwa zito linafika Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo uwezo wake unaanzia onyo hadi kuliondoa jina kwenye rejesta. Sipendi kuandika haya, lakini nimeulizwa mara nyingi kama adhabu ipo. Ipo.

Anayeshindwa kumeza aseme mapema. Mara nyingi tunaweza kubadilisha kwenda kidonge cha kawaida cha kumezwa mara nyingi zaidi kwa siku, au dawa ya maji. Vidonge vichache vya kutoa dawa polepole vyenye mstari katikati vinaweza kukatwa nusu kama karatasi ya maelekezo inaruhusu, lakini nusu hiyo nayo haisagwi.

Kuanzia mwezi huu bahasha za dirisha letu haziandikwi “1 x 2 kutwa” kwa dawa hizi. Zinaandikwa: “Kimoja saa 2 asubuhi, kimoja saa 2 usiku. Meza kizima.” Ukipewa yenye maandishi ya zamani, irudishe hapohapo dirishani kabla hujaondoka, na usiogope kuwa unatusumbua.